Majipu Yanayorudi Palepale

Jipu ni uambukizo wa kifuko cha unywele, yaani kishimo chembamba ndani ya ngozi ambamo unywele huota. Bakteria wakiingia humo, mwili hutuma chembe nyeupe za damu kupambana nao, na mabaki ya mapambano hayo ndiyo usaha. Siku mbili tatu za mwanzo huonekana kipele kigumu, chenye joto, kinachouma kikiguswa. Baadaye katikati hulainika, ngozi ya juu hukonda, kichwa cheupe au cha njano hutokeza, na jipu hupasuka. Vifuko kadhaa vilivyo jirani vikiungana chini kwa chini, hutokea jipu kubwa lenye matundu mengi, ambalo hupenda kisogo na mgongo wa juu, huja na homa, na huwapata zaidi watu wenye kisukari.

Mkosaji mkuu ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Uskoti, aliwaona kwa hadubini mwaka 1880 katika usaha wa wagonjwa wake, wamejikusanya vishada vishada, na miaka miwili baadaye akawapa jina hilo la vishada. Kabla yake madaktari wengi waliuona usaha kuwa sehemu ya kawaida ya kupona. Jambo ambalo halikujulikana wakati huo ni kwamba bakteria hao si wageni. Takriban watu 3 katika kila 10 huwabeba puani bila dalili yoyote, na wengine huwabeba makwapani, manenani au katika mikunjo ya matako. Hapo ndipo sehemu kubwa ya majipu yanayojirudia huanzia.

Jipu moja dogo kwa mtu mwenye afya halihitaji dawa ya kumeza. Linahitaji joto na subira. Kitambaa safi huchovywa katika maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, hukamuliwa, huwekwa juu ya uvimbe kwa dakika 10 hadi 15, na kazi hiyo hurudiwa mara tatu au nne kwa siku. Joto huleta damu zaidi mahali hapo na kuliivisha jipu. Likipasuka lenyewe, usaha hufutwa, ngozi huoshwa kwa maji na sabuni, kisha hufunikwa kwa bandeji kavu inayobadilishwa kila inapolowa. Majumbani hubandikwa vitu vingi: kitunguu kilichochomwa, sabuni iliyopondwa na sukari, dawa ya meno. Vingi vya hivyo madhara yake makubwa ni kumchelewesha mgonjwa. Cha kuogopwa ni pini au wembe uliopitishwa juu ya moto wa kibiriti, na vidole vinavyokamua jipu bichi, kwa kuwa usaha usio na njia ya kutokea juu hupasua ukuta wa chini na kuingia ndani zaidi. Jipu la puani, la mdomo wa juu au la eneo kati ya pua na pembe za mdomo halikamuliwi kabisa, kwani mishipa ya damu ya hapo huwasiliana na mishipa iliyo chini ya ubongo.

Jipu lenye upana wa zaidi ya sentimita 2 hivi, au lililokaa wiki nzima bila kupasuka, kwa kawaida huhitaji kisu. Tabibu huweka kidole kimoja kila upande wa uvimbe. Akibonyeza kimoja na kingine kikainuliwa, basi kuna usaha wa kutosha ndani. Uvimbe ukibaki mgumu pande zote, jipu bado halijaiva, na kulikata ni kumuumiza mtu bure. Ganzi hudungwa kuzunguka jipu, kwa sababu usaha una asidi na ganzi hudhoofika ndani yake. Malalamiko ya wagonjwa kwamba ganzi haikushika mara nyingi yana ukweli huo nyuma yake. Baada ya kukata, koleo dogo huingizwa kuvunja kuta zinazogawa vyumba vya usaha, shimo husafishwa kwa maji ya chumvi, na jeraha huachwa wazi bila kushonwa ili lipone kuanzia chini kuja juu.

Kisu ndicho tiba, na dawa ni msaidizi. Jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 2017 liliwafuatilia watu 786 waliokuwa na majipu yasiyozidi sentimita 5, wote wakiwa wametolewa usaha. Waliopewa klindamisini walipona kwa asilimia 83.1, waliopewa kotrimoksazoli kwa asilimia 81.7, na waliopewa vidonge visivyo na dawa kwa asilimia 68.9. Kwa hiyo antibiotiki inaongeza kitu, na si kidogo, lakini karibu watu 7 katika 10 walipona kwa kutolewa usaha peke yake. Kinyume chake, dawa iliyomezwa huku usaha ukiwa umefungiwa ndani hufanya kazi kidogo sana, kwa kuwa damu inayoibeba haifiki katikati ya jipu.

Hapa ndipo mazoea ya duka la dawa yanapogharimu. Anayeumwa jipu huingia, huonyesha, hutoka na vidonge vya rangi mbili vya siku mbili au tatu. Mara nyingi huwa ni amoksilini, dawa nzuri kwa magonjwa mengine, ila stafilokoka walio wengi sana wana kimeng'enya kinachoivunja kabla haijafanya lolote. Jipu linapopasuka lenyewe siku ya nne, sifa huenda kwa kidonge. Jipu la pili likija, kidonge hichohicho hununuliwa tena. Kloksasilini na flukloksasilini zilitengenezwa mahususi kukikwepa kimeng'enya hicho, lakini hata kwa familia hiyo ya dawa bakteria sugu walitambuliwa Uingereza tangu mwaka 1961. Mtu aliyetumia dozi nusunusu kwa miaka mingi ana sababu ya ziada ya kuomba usaha wake upelekwe maabara kuoteshwa, ili ijulikane ni dawa ipi bado inawaweza.

Kwa kawaida, majipu matatu au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa yanayojirudia. Kuanzia hapo swali la nini cha kumeza huwa limechelewa, na la kutangulizwa ni yanatokea wapi. Mahali pa majipu husema mengi kuliko ukubwa wake au wingi wa usaha.

Yakihamahama, leo pajani, mwezi ujao mgongoni, kisha usoni kwa mtoto na mkononi kwa mama, chanzo huwa bakteria wanaobebwa na kugawanwa nyumbani. Taulo moja bafuni kwa watu wanne, wembe wa kuazimana, dodoki la pamoja, shuka zisizobadilishwa wakati jipu linatoa usaha: vyote hivyo ni vyombo vya usafiri. Bwenini hali huwa hivyohivyo, na kwa wachezaji wanaoazimana jezi pia. Kumtibu mmoja huku wengine wakiendelea kubeba ni kazi isiyoisha. Utaratibu unaopendekezwa hudumu siku 5: marhamu ya mupirosini hupakwa ndani ya tundu za pua mara mbili kwa siku, mwili huogeshwa kila siku kwa dawa ya kloreksidini, na taulo, nguo za ndani na shuka hufuliwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa. Wanafamilia wote wakifanya kwa pamoja, matokeo huwa bora kuliko mgonjwa akifanya peke yake. Utaratibu huo hauondoi majipu kwa kila mtu, na wengine hubeba bakteria tena baada ya miezi michache, lakini ni hatua yenye mantiki kuliko pakiti nyingine ya vidonge. Huanza baada ya majipu yaliyopo kupona.

Pamoja na hayo hupimwa sukari. Kisukari ambacho hakijagunduliwa huweza kujitangaza kwa majipu kabla ya kiu na kukojoa mara kwa mara havijaonekana. Kipimo cha VVU nacho kina nafasi yake, sawa na kuchunguza upungufu wa damu na dawa zinazopunguza kinga, hasa krimu na vidonge vya jamii ya steroidi. Krimu za kujichubua zenye steroidi kali, ambazo huuzwa waziwazi sokoni, huifanya ngozi iwe nyembamba na dhaifu, na majipu ni sehemu ya malipo yake.

Maelezo mawili husikika sana Afrika Mashariki: kwamba majipu huletwa na damu chafu, na kwamba huletwa na kula maembe mengi. Damu haichafuki kwa namna hiyo, na dawa za kusafisha damu hazigusi bakteria walio puani. Lile la maembe lina mzizi unaoeleweka zaidi, maana msimu wa maembe pwani huangukia miezi ya joto, na joto huleta jasho, msuguano wa nguo na kujikuna. Embe halina hatia, ila jamii iliyaona majipu yakiongezeka kwa wakati wake, na katika hilo haikukosea.

Kundi la pili la majipu yanayojirudia ni tofauti kabisa na yale yanayohamahama, na ndilo linalokosewa zaidi. Uvimbe wake haurandi. Hurudi makwapani, manenani, mapajani kwa ndani, chini ya matiti au matakoni, mwaka baada ya mwaka, mara nyingi katika sentimita zilezile za ngozi. Ugonjwa huu huitwa hidradenitisi sapurativa. Huanza baada ya balehe, mara nyingi kabla ya miaka 30, na katika Ulaya na Marekani wanawake hupata mara tatu ya wanaume. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wana ndugu mwenye hali kama hiyo. Mfaransa Verneuil, aliyeupa msingi wa jina lake mwaka 1854, alidhani shida iko kwenye tezi za jasho, na jina likabaki hata baada ya kujulikana kwamba shida huanzia kwenye kifuko cha unywele. Kifuko huziba, hujaa, hupasuka chini ya ngozi, na kinga ya mwili huyashambulia mabaki kwa ukali uliopitiliza. Bakteria wakionekana humo huwa wafuataji; usaha ukioteshwa, mara nyingi hauoti kitu cha maana.

Kwapa la mgonjwa wa miaka kadhaa lina alama zinazosomeka. Kuna vichwa vyeusi vya chunusi vilivyokaa viwili viwili, kama macho. Kuna makovu yaliyonyooka mithili ya kamba. Kidole kikibonyeza uvimbe mmoja, usaha hutoka kwenye tundu jingine sentimita 3 au 4 kutoka hapo, ishara kwamba chini pameshachimbwa kijia. Mgonjwa hujifunza kutembea mikono ikiwa imeachana kidogo na mbavu, huchagua nguo nyeusi, na hukwepa kuketi karibu na watu kwa sababu ya harufu. Ndugu humshauri aoge zaidi. Ushauri huo si wa haki: ugonjwa hauambukizi na hauletwi na uchafu, na kusugua kwa nguvu huuzidisha.

Utambuzi hauhitaji kipimo cha gharama. Mambo matatu yakikutana inatosha: uvimbe wa aina hiyo, katika maeneo hayo, uliorudi angalau mara mbili ndani ya miezi 6. Pamoja na urahisi huo, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa huchukua wastani wa miaka 7 hivi kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wao. Sababu ni moja kwa sehemu kubwa: kila safari wanapokelewa kama watu wenye jipu jipya. Hukatwa, hufungwa bandeji, huambiwa waende. Kwa ugonjwa huu kukata na kutoa usaha hupunguza maumivu kwa muda tu, na uvimbe hurudi karibu mara zote, kwa kuwa kijia kimebaki.

Matibabu hufuata ngazi za ugonjwa, ambazo daktari Hurley alizigawa tatu mwaka 1989. Ngazi ya kwanza, ambapo kuna uvimbe bila vijia, hutibiwa kwa klindamisini ya kupaka au doksisaiklini ya kumeza kwa takriban miezi mitatu, si siku tano; hapa dawa hutumika kutuliza uvimbe kuliko kuua bakteria. Doksisaiklini hawapewi wajawazito wala, kwa matibabu marefu hivyo, watoto wadogo. Uvimbe mmoja mkali huweza kudungwa steroidi ndani yake na kutulia baada ya siku chache. Vitabu vya nje hutaja pia mchanganyiko wa klindamisini na rifampisini kwa wiki 10 hadi 12. Afrika Mashariki ushauri huo unahitaji breki. Rifampisini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, na kuitumia kwa mtu ambaye hajachunguzwa kifua kikuu ni kuandaa usugu. Hupunguza pia nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, na mtu anayetumia dolutegraviri kwa VVU hulazimika kuongezewa dozi.

Vijia vikishakomaa, dawa za kawaida huchoka. Daktari wa upasuaji hufungua paa la kijia chote, hukikwangua na kuacha kipone wazi, au huondoa ngozi yote iliyoathirika. Sindano za adalimumabu ziliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2015 kwa ugonjwa huu, na nyingine zimefuata, ila bei yake huziweka mbali na wagonjwa wengi wa kanda hii, na kabla ya kuzitumia lazima kifua kikuu kilicholala kitafutwe. Yaliyo karibu na kila mtu ni kuacha sigara, kupunguza uzito pale ulipozidi, kuvaa nguo za pamba zisizobana, na kuacha kunyoa kwa wembe kwapa lenye uvimbe. Hayaponyi, lakini hupunguza idadi ya siku mbaya.

Si kila kinachorudi ni mojawapo ya hayo mawili. Vipele vya kidevuni na shingoni kwa wanaume wenye nywele za kipilipili mara nyingi si uambukizo: unywele uliokatwa chini sana hujikunja na kuchoma ngozi tena. Dawa yake ni kuacha kunyoa kwa wiki kadhaa, kisha kutumia mashine inayoacha milimita moja hivi. Vipele vya kisogoni baada ya kukatwa nywele vina hatari zaidi, kwa sababu huacha makovu yanayovimba na kuua nywele. Vikionekana mara mbili, kinyozi aambiwe asiguse mstari wa kisogo. Uvimbe wa juu kidogo ya mfereji wa matako, unaotoa usaha na mara nyingine unywele, ni kazi ya daktari wa upasuaji. Mtoki, ule uvimbe wa kinena, ni tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda cha mguu au maradhi ya zinaa, na haukatwi kama jipu kabla ya chanzo kujulikana.

Kisha kuna jipu lenye kiumbe hai ndani. Inzi aitwaye Cordylobia anthropophaga, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, hutaga mayai kwenye mchanga wa kivulini au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Funza huanguliwa, hupenya ngozi ya aliyevaa, na hukaa humo siku 8 hadi 12. Uvimbe wake huwa kiunoni, matakoni au mgongoni mwa mtoto, una tundu dogo katikati, na mgonjwa husema kuna kitu kinatembea ndani. Mafuta mazito ya mgando yakipakwa juu ya tundu humnyima funza hewa, naye hutokeza na kubanwa kwa vidole kutoka pande mbili. Kinga ni pasi ya moto, hasa kwenye mishono na mikanda ya nguo za ndani na nepi.

Siku ya kwenda hospitali bila kusubiri hujulikana kwa dalili chache. Homa na kutetemeka; uvimbe unaopanuka kwa saa; maumivu makali kuliko kinachoonekana kwa macho; ngozi inayogeuka rangi ya zambarau au kufa ganzi; mstari unaopanda kutoka kwenye jipu kuelekea moyoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaosimuliwa na vitabu mara nyingi hauonekani. Badala yake ngozi huwa nyeusi zaidi, hung'aa, na hupata joto, kwa hiyo mgongo wa mkono ukilinganisha upande mgonjwa na upande mzima husema ukweli kuliko jicho. Jipu la usoni lenye jicho lililovimba, la juu ya uti wa mgongo, la karibu na njia ya haja kubwa, la titi la mama anayenyonyesha, au la mtoto mchanga huenda hospitali hata bila homa. Mwenye kisukari naye hasubiri. Maumivu ndani kabisa ya paja au tako, pamoja na homa lakini bila kichwa chochote juu ya ngozi, huweza kuwa usaha ndani ya msuli, hali inayojulikana sana katika nchi za joto na inayohitaji upasuaji.

Uvimbe usiouma nao una safari yake ya zahanati. Kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda, huanza kama kinundu kigumu kisicho na maumivu, na kutouma ndiko kunakowafanya watu wakidharau hadi ngozi inapofunguka.

Kwa asiye na dharura, kazi ya mwanzo ni kuandika: tarehe ya kila uvimbe, mahali ulipo, umekaa siku ngapi, dawa gani ilimezwa na kwa siku ngapi. Picha za simu husaidia, kwani siku ya kliniki uvimbe huwa umenywea. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa, lakini Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992, pembeni ya hospitali ya KCMC, kimefundisha matabibu na wauguzi wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao hufanya kazi katika hospitali za wilaya. Huko ndiko pa kuulizia kwanza. Tabibu wa aina hiyo akipewa orodha ya tarehe na mahali huweza kutofautisha majipu ya kurandaranda na yale ya makwapani kwa dakika chache, kuagiza sukari na usaha vipimwe, na kuandika rufaa kwa daktari wa upasuaji pale vijia vinapohitaji kufunguliwa.